Sinki la Mama Yako

Bwana Athman, rafiki yangu,

Sinki la mama yako sasa linatumika. Nakuandikia hilo kwanza, maana najua ndilo lililokusumbua kitandani kuliko hata kifua chako.

Tangu tukuzike nimekataa kazi nyingi. Pale makaburini nilisimama nyuma, mimi Mkristo wa Makueni, nikatia mchanga kama wenzangu, kisha nikarudi chumbani nikaufunga mkoba wa vifaa. Niliamua kurudi bara. Hapa kisiwani Amu kazi ya bomba nimeifanya na wewe tu. Bila wewe nilijiona mgeni upya.

Wiki iliyopita binti yako Mwanahawa akanipigia simu. Bibi yake, mama yako Bi Rukia, alikuwa ameteleza akiinama kwenye birika la maji la chooni kutia udhu. Hakuumia sana, lakini magoti yamemkataa. Sinki ulilomnunulia ulikwisha kulifunga ukutani, ila chini palikuwa wazi, bila bomba la kutoa maji, na maji yangemwagikia miguuni. Nikabeba mkoba nikaja kwenu Mkomani.

Mkeo yumo edani, haonwi na mwanamume wa nje, na choo kiko ndani kabisa, karibu na chumba chake. Mwanahawa akaniambia, "Ami Kioko, wewe keti dakani uniambie. Nitafunga mimi." Nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Basi nikaketi pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, yeye akaingia, tukawa tunaitana.

Vile vipande vya bomba la shaba ulivyonunua vilikuwa bado kwenye karatasi ya dukani. Nikakumbuka tulivyobishana siku ile: mimi nataka vya plastiki, wewe unasema bomba hili halifichwi ukutani, mama atalitazama kila siku, kwa hivyo lipendeze. Nikakumbuka zile nyumba za wageni za Shela, wewe umelala chali chini ya sinki, na kila nikikaza nati kwa nguvu unaniambia niache, "Wata spana, Kioko. Mkono watosha." Halafu tunarudi kwa miguu ufuoni, unanisahihisha maneno yangu, hata leo nikijisahau nasema mai badala ya maji, na watu wa kwetu wananicheka kwenye simu.

Mwanahawa akafunga kile kikombe cha kuzuia harufu, akaingiza bomba ukutani, akajaza sinki, akayaachia maji. Bomba likavuja. Kisha nikamsikia analia, na haikuwa kwa ajili ya bomba. Nilitazama tu ukuta wa jirani.

Alipotulia nikamwambia afungue nati aiangalie washa ya mpira, upande mwembamba ndio uelekee kikombeni. Alikuwa ameiweka kinyume. Akaigeuza, akakaza kwa mkono, akajaza tena, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo.

"Kavu, Ami," akasema.

Alasiri mama yako akatia udhu amesimama. Miguu alimwosha Mwanahawa kwa kata, lakini uso na mikono alijiosha mwenyewe. Kisha akaja polepole mpaka mlangoni, ameshika ukuta, akauliza kama ni kweli naondoka. Nikamjibu ndiyo.

"Athman hayupo," akasema, "na wewe wenda kwa nani?"

Makueni nina ndugu na shamba. Lakini jioni ile sikufunga mizigo.

Nimebaki, Bwana Athman. Mwanahawa anasema ziko nyumba nyingi ambazo wenyewe hawapendi fundi mwanamume aingie ndani, na ameniomba nimfundishe. Jana tulikwenda kwa jirani yenu. Yeye aliingia, mimi nikabaki nje na mkoba, na bomba la jikoni likapona. Alirudi na mikono michafu, anatabasamu kama wewe.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Mungu akurehemu, namwomba kwa namna yangu, kila jioni. Yote niliyoyapata mikononi mwako nitampa mwanao, sitabakiza hata moja.

Wako,
Kioko