Breki za Mama Pacha

Jumamosi, 3 Mei

Sijawahi kuandika mambo yangu. Hili ni daftari la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma. Lazima niyatoe mahali, maana nikimwambia mtu nitachekwa.

Jana mke wangu, Mama Pacha, amerudi kutoka kazini na pikipiki, gurudumu la nyuma linacheza. Linacheza! Nati kubwa ya katikati imelegea, naizungusha kwa vidole vitupu. Na pikipiki imetoka kwa fundi wa kona juzi tu, eti sevisi. Ameshuka nayo mteremko wote ule wa kutoka zahanati, pamoja na zile kona mbili na ule mtaro wa chini. Nikamuuliza, hukusikia kitu? Anasema alisikia, akadhani ni barabara mbovu. Akavua viatu, akaomba chai.

Yeye ni mkunga, haogopi kitu. Mimi ni fundi cherehani, naogopa mpaka pasi. Usiku kucha nimeliona lile gurudumu linatangulia peke yake.

Basi. Fundi wa kona ndio mwisho. Nitajifunza mwenyewe, hapa hapa uani.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia. Amecheka mpaka kashika ukuta. Eti Baba Pacha, wewe ukiona damu ya kuku unakaa chini, leo ufungue injini? Wewe shona, pikipiki mpelekee fundi. Hataki kusikia zaidi.

Nimemdanganya. Nimesema nimepata fundi mwingine, mzuri sana, atakuwa anakuja nyumbani kila Jumamosi, Mama Pacha akiwa ameenda kwa mama yake kwa miguu. Akauliza anaitwa nani. Nikababaika... Fundi Kimya! Ndivyo nilivyosema. Haongei, anafanya kazi tu. Akasema afadhali, wa kona alikuwa mdomo mwingi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa sijamdanganya hata bei ya kitambaa.

Jumamosi, 10 Mei

Oili! Nimemwaga oili mwenyewe!

Nilikwenda duka la spea asubuhi. Dada wa pale hana mchezo, hakuangalii usoni, anaangalia mikono yako. Akaniuliza nani anafanya kazi, nikasema mimi. Akaangalia vidole vyangu, akaguna. Lakini akanielekeza: pasha injini moto kidogo, fungua bolti ya chini, acha itoke yote, rudisha bolti, usikaze kama unanyonga mtu, tia mpya. Ukikwama uliza, usibuni.

Ile bolti ilipoachia, oili nyeusi ikanirukia mpaka kifuani. Nikapiga ukelele. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, akasema hata siku ya kuzaliwa ulitoka kwa kuvutwa. Ndiye pekee anayejua. Aliniuliza mkeo utamwambia lini, nikasema nikishazoea. Akarudi kwenye maharage yake.

Nimekaza bolti. Nikafungua kuhakikisha imekaza. Nikakaza tena. Kila nati niliyogusa nimeichora alama kwa chaki yangu ya kitambaa, ikisogea nitajua. Halafu nimekaa mbele ya ile injini kama saa nzima, nangoja tone lidondoke. Halikudondoka.

Jumatano, 14 Mei

Siku tatu mfululizo nimeamka alfajiri kukagua alama za chaki. Hakuna iliyosogea. Mama Pacha akipita tu geti nahesabu saa mpaka jioni. Leo mteja nimemkatia mkono mmoja mfupi.

Yeye amefurahi. Anasema pikipiki imekuwa nyepesi, Fundi Kimya huyo asiachwe. Nami nikajivuna, Mungu anisamehe! Nilitamani kusema ni mimi, ni mimi mumeo. Nikarudi kwenye cherehani.

Ila anasema breki zinalia. Akishika tu, kiiii, mbuzi wote wa njiani wanageuka. Mwambie fundi aziangalie.

Breki. Oili ikinishinda, injini itazima tu, atatembea kwa miguu. Lakini breki...

Jumamosi, 17 Mei

Leo ndiyo nimekuwa mwanamume. Nimetoa gurudumu.

Spana iliteleza ikanipiga goti, nikapiga yowe. Mama anauliza, umeua au umeuawa? Nikaendelea. Kumbe breki yenyewe ni vipande viwili vilivyopinda, vimekaa ndani ya gurudumu. Ukikanyaga vinatanuka, vinabana. Basi. Jambo dogo hivyo ndilo linalomshika mke wangu asiingie mtaroni! Nimetazama mpaka macho yakauma. Mbona vidogo?

Vilikuwa vimejaa vumbi jeusi. Vikavu, vikavu kabisa, kama koo la mgonjwa. Nikaelewa palepale kwa nini vinalia. Cherehani yangu ikilia naifanyaje? Miaka ishirini na mbili, kila asubuhi, kabla ya uzi kuingia sindanoni. Nikapangusa vumbi kwa kitambaa cha pamba, nikaleta kile kichupa changu cha mafuta ya cherehani, cha mdomo mrefu. Matone matatu kila kipande. Nikasugua kwa kidole vikanywa. Nikaongeza. Na za mbele pia zilikuwa zinalia, nikaona nisibague, nikafungua na mbele.

Nilitaka kumuuliza dada wa spea kwanza. Lakini ningeuliza kitu gani? Mafuta ndiyo kazi yangu.

Nati zote nimekaza, nimechora chaki. Nimesukuma pikipiki uani mara ishirini, nikashika breki mara ishirini. Kimya! Haitoi hata sauti ya panya. Mama Pacha aliporudi nikamwambia Fundi Kimya kamaliza. Akamwombea dua fundi, Mungu ampe maisha marefu. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatatu, 19 Mei

Ametoka saa moja asubuhi. Kwenda zahanati ni kupanda tu mwanzo mpaka mwisho, hata breki huhitaji. Nikampungia mkono. Sikuogopa!

Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi jioni

Niko chini ya mteremko, kwenye mtaro. Nimekaa juu ya jiwe, daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapiga kelele.

Saa tisa na nusu nilipita duka la spea kununua tochi. Nimejaa majivuno, nikamsimulia dada, nikamwambia breki nimezimaliza, nimezipa mafuta, hazilii tena. Aliacha kuhesabu nati. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema, umezipa nini?

Nikarudia.

Akasema, baba, breki haitiwi mafuta hata tone. Inashika kwa kusugua. Umeilainisha, sasa itasugua nini? Na ya mbele je? Nikasema na ya mbele. Akashika kichwa. Akauliza nani anaiendesha. Nikasema mke wangu. Kwenye tambarare? Nikasema mteremko wa zahanati. Akasema mpigie, mpigie sasa hivi, aiache huko huko!

Nikampigia palepale dukani, nimeegemea kabati la mipira ya tairi.

Akapokea! Sauti yake nzima, ya furaha, watu wanaongea nyuma yake. Kabla sijafungua mdomo akasema leo mpe hongera zake Fundi Kimya, kelele imekwisha. Ila zinashika kwa mbali kidogo, nimeona pale getini, mwambie akaze. Na mimi nimesema nini?

Nimesema sawa.

Akauliza, ulikuwa unataka kuniambia kitu? Dada wa spea ananitolea macho, ananiashiria kwa mikono miwili, sema, sema. Na maneno yalikuwepo, yamepanga foleni kabisa: usiipande, ni mimi, hakuna Fundi Kimya. Lakini nikasikia kile kicheko chake cha siku ile kinaanza. Kilikuwa hakijaanza hata. Nimekisikia mimi tu. Nikasema, hapana, basi tu, uje polepole. Akacheka kweli. Akasema wewe na woga wako, akakata.

Dada alinifungulia mlango wa duka nipite haraka.

Nimempigia tena njiani, nakimbia na ndala. Inaita haipokelewi. Akiwa barabarani simu anaitia kwenye mkoba. Mara sita. Nikapiga zahanati, akapokea mlinzi. Anasema ameshatoka, nimemfungulia geti mwenyewe, ana kama dakika tano, kasema atapitia kwanza kwa mzazi mmoja huko huko juu.

Kufika juu kwa miguu ni dakika arobaini. Nimepanda kidogo mpaka pumzi ikakata, nikarudi hapa chini, maana hapa ndipo... hapa ndipo kona ilipo. Nimeondoa mawe yote barabarani. Nimevuta matawi makavu nikayalaza mtaroni, juu yake nikalaza koti langu. Koti! Watu wawili wamepita wakaniuliza nimepoteza nini.

Akifika salama nitamwambia. Nitaanza hivi: Mama Pacha, shuka kwanza. Kaa. Kuna jambo kuhusu breki. Halafu nitasema... nimelijaribu kwa sauti mara tatu, na mara zote tatu limetoka hivi: yule Fundi Kimya amekosea.

Pikipiki inasikika. Iko kona ya kwanza. Inakuja kwa kasi, au ni masikio yangu. Nitasimama katikati ya barabara nipunge mikono. Nimesimama. Na hata sasa, Mungu wangu, hata sasa hivi bado naupanga ule uongo wa fundi...