Ananiuliza Mafuta ya Mtutu, Nami Nina Mengine ya Kumwambia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana hata mama yangu mzazi nimeshindwa kumwambia na tunaishi nyumba moja. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mtunza ghala la silaha katika kituo cha askari wa wanyamapori, nakaa nyuma ya dirisha la nondo, askari wakirudi doria wananikabidhi bunduki, nazikagua, nazifungia, basi. Sijawahi kuolewa na nilishajizoelea.

Sasa kuna askari mmoja, alifiwa na mkewe zamani, wenzake wanamwita Taratibu kwa sababu hana haraka na kitu chochote. Siku ya kwanza alipokabidhi bunduki yake nilichungulia mtutu nikaona umelowa uchafu mweusi, nikamuuliza, "Umepaka nini humu?" akasema, "Mafuta ya injini, dada, yalibaki ya pikipiki," nikamfokea mbele ya watu kwamba hii si pikipiki, yeye akatabasamu tu, "Basi nifundishe." Nikamfundisha. Tangu hapo kila akirudi doria alijiweka wa mwisho kwenye foleni, tukabaki pale dirishani tunabishana, yeye anataka mafuta mazito, mimi mepesi, yeye anasema mazito yanang'ang'ania chuma, mimi nasema yanakusanya vumbi, nusu saa nzima, miaka mitatu, na sikumbuki kama tuliwahi kuongea kitu kingine, ila nakumbuka vidole vyake vikikunja kitambaa.

Miezi mitano iliyopita akahamishiwa kituo cha mbali, kwenye vinamasi, ukungu asubuhi, mvua mchana. Siku ya kuondoka alisimama dirishani akaniuliza, "Huko nitamuuliza nani?" na mimi, mjinga mimi, nikamjibu, "Maelekezo yapo kwenye chupa." Mshauri, maneno hayo hayajanitoka kichwani hata siku moja. Nikipangusa bunduki za wengine, ile harufu ya mafuta ikinipanda puani, najikuta natazama mwisho wa foleni, na pale mwisho yupo mtu mwingine.

Ameniandikia barua nne, zote ni mafuta. Hii ya mwisho inasema: "Mtutu umeanza kuota kutu karibu na mdomo. Nipake mepesi au mazito? Mwezi ujao nastaafu, naikabidhi huku huku, sitaki iondoke mikononi mwangu na aibu." Jibu nalijua. Asugue kutu, akaushe mtutu kabisa, kisha apake mazito, safu nyembamba tu, kwa sababu kwenye unyevu kama ule mepesi yanachuruzika na chuma kinabaki uchi, na kabla ya kufyatua apitishe kitambaa kikavu. Yaani yeye ndiye alikuwa sahihi, kwa kule aliko. Nimeliandika jibu hilo mara saba na mara saba nimelichana, maana nikifika kwenye "mazito" mkono unataka kuendelea na mambo mengine, na akishakabidhi bunduki hatakuwa tena na sababu ya kuniuliza chochote. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Funguo

JIBU

Mwenye Funguo, kaa chini unisikilize. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kukukumbatia halafu nikufinye sikio.

Mimi bunduki siijui, kwa hiyo nilimpigia fundi wa bunduki ninayemfahamu nikamsomea swali la huyo bwana. Alicheka mpaka akakohoa. "Askari anayekaribia kustaafu hajui kupaka mtutu? Huyo haulizi mafuta." Unaona? Fundi ameelewa kwa simu, ndani ya dakika moja. Wewe una barua nne mezani.

Nakuelewa, dada yangu. Ukizoea kuishi peke yako, hata furaha unaitilia shaka. Lakini acha kumfanya mwenzako ahangaike kutafuta visingizio. Mtu mzima, amefiwa, ana aibu zake, na bado ameandika mara nne. Wewe umeandika mara saba na hujatuma hata moja! Na kutu haikusubiri uamue.

Kwa hiyo barua zimetosha. Namba yake unayo, maana kituo chenu kina orodha ya simu. Mpigie leo ukitoka kazini. Anza na mafuta kama huwezi kuanza kwingine, mwambie alikuwa sahihi, wanaume hawaambiwi hivyo mara nyingi. Kisha, kabla hujakata, mwambie kwamba umemkumbuka. Neno hilo moja, usilipambe. Akishangaa, utaona haya, utalia, na kesho utakwenda kazini kama kawaida. Hiyo ni afadhali kuliko kutazama foleni miaka mingine mitatu.

Jibu hili tulimtumia mwandishi wa barua kabla ya kulichapa. Naye alituletea ujumbe huu:

"Nimempigia. Nilieleza habari ya mafuta yote, akawa anaitikia 'mh, mh'. Nikasema, 'Nimekukumbuka.' Akasema, 'Mimi tangu siku ya pikipiki.' Anakuja Jumamosi. Mama ananiuliza kwa nini nimeshusha mapazia yote nayafua, na leo ni Jumanne tu."