Shangazi na Ndege Isiyo na Injini

Wewe! Shika simu! Shangazi amepaa!!

Alikuja uwanjani kumkataza binti yake kurusha ndege zisizo na injini. Mwalimu akamwambia, "Panda kwanza, mama, ndipo ukataze." Akapanda naye! Shangazi yuleyule anayeogopa ngazi!

Winchi kule mwisho wa uwanja ikavuta kamba iliyofungwa kwenye ndege, ndege ikachomoka kama mshale. Tukamsikia redioni: "Jamani nakufa!"

Walipofika juu, kamba ikaanguka. "Imekatika!"
"Hapana mama, nimeiachia mwenyewe."

Kimya. Nakwambia kimya! Binti yake machozi yanamlengalenga.

Mara kicheko. Shangazi anacheka, mwenzangu! Anacheka mpaka redio inakwaruza!

Alipotua, binti akamkimbilia: "Mama, twende nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini? Waambie wafunge kamba."