Mswaki wa Pamela bado uko kwenye pakiti

Lidwina mwanangu,

Maharage yako jikoni, ongeza maji ya moto, siyo ya baridi. Sixbert asitoke bila kunywa uji.

Niko hospitali na Pamela, yule wa kituo cha kulelea watoto Matogoro ninakofundisha kupiga mswaki kila Jumamosi. Shavu limevimba kama andazi. Jino linang'olewa, na ni la ukubwani, halitaota jingine.

Mlezi wao alinipigia simu alfajiri. Nilipofika kituoni nikamwuliza Pamela, "Mjukuu wangu, mswaki niliokupa Pasaka uko wapi?" Akautoa kwenye mfuko wake wa nguo, pakiti haijafunguliwa. "Nautunza, Bibi. Mama akija kunichukua nitautumia nyumbani." Kumbe Jumamosi zote alisimama nyuma akisugua kwa kidole, nami kwa macho yangu haya yasiyoona vizuri nikawa namsifu. Nikakagua mifuko ya wenzake kumi na mmoja. Yote vilevile, pakiti hazijafunguliwa.

Mama yake hajulikani aliko tangu mwaka juzi.

~~Upite sokoni ununue miswaki mingine kumi na miwili.~~ Usinunue. Nayo wataitunza.

Sixbert, wewe mama unaye hapo hapo na bado mswaki mpaka ufukuzwe nao uani.

Nitapita hapo nyumbani na Pamela mchana. Uji wake upoe kabisa, na asiulizwe habari za nyumbani kwao. Amenisihi nije Jumamosi kuwafundisha tena, nikaitikia. Sijui nitawafundisha nini.

Mama yako, Bibi wa Sixbert