Nilivyomuaga Baba Mdogo

Jumamosi usiku, Makandana, Tukuyu

Tumerudi kutoka mazishini. Mama kakaa jikoni anamenya ndizi ambazo leo hakuna atakayekula.

Tumemzika baba mdogo huko Lupepo. Wakati wa kuaga, watu walisimama kando ya jeneza, wakamgusa paji la uso, wakaongea naye Kinyakyusa kama anasikia. Zamu yangu ilipofika nilimtazama, nikaona kafa, nikapita. Basi. Kidole gumba kilicheza chenyewe, kama kinabonyeza kufuta.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Kampuni ni kubwa, ya nje, naifanyia humu humu chumbani. Naangalia video za mtandaoni ambazo watu wamezilalamikia: maiti, ajali, vipigo. Nafuta au naacha, inakuja nyingine. Ukikawia, kioo kinawaka chekundu.

Siwezi kuisema vibaya. Mshahara hauchelewi. Bima yao ndiyo iliyolipia upasuaji wa mama, bila hiyo tungekuwa tumeshamzika. Wadogo zangu wanasoma. Nikiacha leo, hapa Tukuyu nitapata wapi...

"Yule ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni matope yakizidi," mama aliniambia njiani. "Hata kusimama kidogo tu, mwanangu?"

Nilitaka angalau anione nalia. Chozi halikuja.

Sasa hivi nimefumba macho nimtafute baba mdogo. Sura yake siipati. Zinakuja za watu nisiowajua, wale wale niliowafuta.