Vipimo Viko Sawa, Mgonjwa Hayuko Sawa

Kimara, Februari 2025. Ni mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke Newala, na wa tisa tangu niache kufundisha wauguzi. Newala naikumbuka kwa ukungu wa asubuhi na moshi wa korosho; darasa nalikumbuka kwa barua kama hii, iliyoletwa kwenye safu yangu hii ya ushauri kutoka hosteli za Mabibo. Majina nimeyabadili.

Mzee Nikodemu, shikamoo. Nimekusoma tangu nikiwa sekondari na sikudhani siku moja mimi ndiye nitakayekuandikia, lakini nimekwama na naomba unisaidie kabla ya Jumatatu. Ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, tuko watano kwenye kundi letu la kujisomea na anayetuongoza ni Mama Kokuberwa, mkunga wa miaka mingi huko Muleba aliyerudi shule kujiendeleza, ni sawa na mama yetu, tunamwamkia kabla ya kufungua vitabu, na nilipougua malaria ndiye aliyenipikia uji na kunifulia, kwa hiyo usinione sina adabu kwa haya nitakayosema. Jumatatu tuna mtihani wa vitendo wa kusoma majibu ya gesi za damu, ile damu inayotolewa kwenye ateri kuona kama mgonjwa anapumua vya kutosha, na Mama Koku alishaanguka mara moja, akianguka tena anarudi kwao bila diploma. Juzi tulikuwa na swali la mwanamke mwenye pumu, anahema mara thelathini na sita kwa dakika, hawezi kumaliza sentensi, na majibu yake ni pH 7.38, kaboni dayoksaidi 42, bikaboneti 24, Mama Koku akatufundisha kwamba kila namba iko ndani ya mipaka yake kwa hiyo mgonjwa ametulia, aendelee na dawa na tumwangalie tena baadaye, wenzangu wote wakaandika. Mie nilishaona mgonjwa wa hivyo wodini, namba zake nzuri hivyo hivyo, na kabla hatujamaliza kutandika kitanda cha jirani akawa anakimbizwa kwenye mashine ya kupumulia, basi nikauliza kwa upole kama hiyo kaboni si kubwa kwa mtu anayehema vile. Mama Koku akacheka, akasema, "Mwanangu, mie nilikuwa nazalisha wewe hujazaliwa. Tusonge." Lusungu, ambaye haachagi utani, akadakia, "Mpisheni Dokta Bingwa apite," wakaangua kicheko na mie nikacheka nao. Sasa nikimsahihisha mbele yao nitamvunjia heshima, nikimwambia pembeni naogopa atapoteza ujasiri, maana mara ile alianguka baada ya msimamizi kumpinga akaanza kutetemeka, na nikinyamaza atakwenda kusema jibu hilo hilo Jumatatu. Nikafikiri, wewe ulikuwa mwalimu, ungerudi darasani japo Jumamosi moja, uje kwenye kundi letu umweleze wewe, kwa kuwa mkubwa akisahihishwa na mkubwa mwenzake haumii sana. Nisaidie, mzee wangu.
Atuganile, Mabibo

Marahaba, Atuganile.

Tuanze na mgonjwa. Uko sahihi. Anayehema kwa kasi ile anaitoa kaboni nje kwa wingi, kwa hiyo katika damu yake ilipaswa kushuka chini ya thelathini na tano, na pH ipande, maana asidi ya damu inapungua. Ikiwa anahema hivyo na kaboni bado iko arobaini na mbili, basi kuhema kwake hakufui dafu na misuli imeanza kuchoka. Kinachofuata ni kaboni kupanda na pH kushuka. Huyo haambiwi baadaye. Unakaa naye, oksijeni iko usoni pake, na daktari anaitwa sasa hivi. Mipaka ya kitabuni ni ya mtu aliyetulia. Kabla ya kusoma karatasi, mtazame mgonjwa ujiulize: kwa kuhema huku, ningetarajia namba gani?

Sasa wewe. Unasema unamwonea mama yako huruma, na kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine unaogopa kuitwa Dokta Bingwa tena. Hiyo usiiite adabu. Adabu ni kuamkia, kumpisha mtu kiti, kutomkatiza anaposema. Kumwacha aliyekufulia nguo asimame mbele ya wasimamizi na jibu unalojua ni baya si adabu ya kabila lolote, na nimeishi na mengi. Tena unahesabu mtihani peke yake. Akifaulu kwa bahati, atarudi Muleba kuongoza zamu, na wadogo watayaandika maneno yake kama nyie mlivyoyaandika.

Kwamba anaweza kutetemeka, hilo ni la kweli. Kwa hiyo usimpelekee kitabu. Mrudishe kwenye kazi yake. Nenda kesho mkiwa wawili tu, mwamkie, kisha umuulize: "Mama, mzazi aliyekuwa analia kwa uchungu akanyamaza ghafla na mtoto hajatoka, utasema amepata nafuu?" Usiongeze neno. Mkunga wa miaka yake atakujibu papo hapo, huenda kwa ukali, kwamba hapo unakimbia kuita msaada. Ndipo umwekee mbele lile swali la pumu, na umwache alisome upya mwenyewe. Mpe na mengine mawili ya aina hiyo ayajibu kwa sauti, kwa sababu ujasiri wa mtihani ni mdomo uliozoea. Halafu mwombe yeye ndiye awarekebishe wenzenu Jumamosi.

Akikataa, sema mwenyewe mbele ya kundi, polepole, na safari hii usicheke. Wenzako wameandika kosa lile na wagonjwa wanawasubiri. Wakikataa wote, lipelekeni swali kwa mwalimu wenu siku hiyo hiyo.

Ombi lako la mwisho limenigusa, sitakuficha. Lakini mkubwa akija kukusemea leo, siku utakapokuwa peke yako wodini utatafuta mkubwa mwingine huku mgonjwa anazidi kuchoka. Mama Kokuberwa anakusubiri wewe. Darasani sirudi.