Saa Moja Iliyochukua Saa Nane

Jumapili, Ifakara

Kosa ni langu, wala si la mto. Chipu ya kifaa changu cha kupima maji ilitoka kiwandani ikiwa imepunguzwa kasi mara nane, nami nikaandika programu kana kwamba inakimbia kwa kasi yake yote. Kihesabio cha muda nilichokipanga kwa saa moja kikawa kinachukua saa nane. Mezani nilikijaribu kwa kubonyeza kitufe cha kutuma ujumbe papo hapo tu. Sikusubiri saa nzima hata mara moja.

Kila msimu baba mdogo, kule Lupiro, huchomeka kijiti ukingoni mwa shamba aone maji yamepanda kiasi gani. Mwaka huu aliacha, maana nilimwambia kifaa kitapima kila saa na kumtumia ujumbe.

Jana alinitumia kifaa kwa basi, bila maelezo; asubuhi nimempigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ujumbe wako nimeusomea ndani ya maji, mwanangu. Mpunga umeshalowa wote."

Hakufoka. Heri angefoka.

Mchana nimesahihisha mstari mmoja, nikakaa nikitazama saa ya ukutani. Sasa saa moja ni saa moja. Sikufurahi, sikulia, nimekaa tu.

Asubuhi, kabla hajakata simu, alisema nikirudishe kifaa kesho.

"Na ukija," akasema, "unikatie kijiti. Kirefu."